Mchezaji Anapouliza Sheria

Hotuba kwa waendeshaji wa mchezo wa wahusika, Lubumbashi

Wakubwa zangu, mayaya, yaani kaka na dada zetu wakubwa, wadogo zangu mliokaa kule nyuma karibu na mlango, jambo yenu wote. Nawashukuru mliotoka komini za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, na nawashukuru zaidi mliopanda gari alfajiri kutoka Likasi. Jumamosi ni siku ya soko, ya kufua na ya matanga ya ndugu, na bado mmekuja kuketi hapa kuzungumzia mchezo wa wahusika, huu wa mezani ambao kila mchezaji anamwongoza mhusika mmoja wa hadithi, mwendesha mchezo anasimulia, na dadu zinaamua. Kwangu hilo ni jambo kubwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya maswali ya sheria, yale yanayosimamisha mchezo wakati panga liko hewani na kila mtu anakutazama wewe. Neno langu ni moja, nalisema mapema. Mchezaji anayekuuliza sheria katikati ya mchezo anapanga. Anataka kujua akifanya hili litafuata lipi, ili aamue kama mhusika wake ataruka shimo au atalizunguka. Wewe mwendesha mchezo umeshika ulimwengu mzima: milima, wafalme, mvua, mazimwi, bei ya chumvi sokoni. Yeye ameshika mtu mmoja tu, na uamuzi wa huyo mtu mmoja. Sheria ndiyo inayoupa uamuzi huo uzito. Ukimjibu ovyo, au ukimjibu leo hivi na Jumamosi ijayo vile kwa sababu hadithi yako imepata kona mpya, umemnyang'anya kile kimoja alichokuwa nacho.

Maswali haya hayakuanza na sisi. Dungeons & Dragons, mchezo ambao sheria zake ndizo tunazozizungumzia, ilipotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilikuwa vijitabu vitatu ndani ya boksi, na chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000. Ilitokana na michezo ya vita ya sanamu ndogo, na ilikuwa na mapengo mengi hata kila meza ikalazimika kujitungia majibu. Tangu hapo matoleo yamefuatana. Mwaka 2000 toleo la tatu likaiweka dadu ya pande ishirini katikati ya karibu kila jambo. Mwaka 2014 likaja toleo la tano, ambalo wengi wetu hapa ndilo tulilojifunzia, na mwaka 2024 likafanyiwa marekebisho. Vitabu vimenenepa, lakini mapengo hayajaisha wala hayataisha, kwa sababu wachezaji wana akili na hufanya mambo ambayo hakuna mwandishi aliyeyawaza.

Kwetu kuna chanzo kingine cha ugomvi, nacho naomba tukitazame vizuri. Meza ya Lubumbashi haina kitabu kimoja. Mmoja ana fotokopi ya Kifaransa ya toleo la 2014 aliyoachiwa na binamu yake, mwingine ana faili la Kiingereza la 2024 kwenye simu, wa tatu amejifunza kwa kutazama video, wa nne hajasoma chochote na anacheza vizuri kuliko wote. Sasa mlinzi wa kundi ameumia, mkononi ana chupa ya dawa ya kuponya. Anasema: "Nakunywa dawa, kisha napiga." Mwenzake anadakia: "Apana, ukikunywa dawa zamu yako imeisha." Wote wawili wamesoma na wote wawili wako sahihi. Kwa sheria za 2014, kunywa dawa kunakula tendo lako la zamu hiyo. Kwa zile za 2024, kunakula tendo la ziada tu, na tendo lenyewe linabaki, unaweza kupiga.

Kuvizia ni hivyo hivyo. Kwa sheria za 2014, adui aliyeshtukizwa hasogei wala hatendi katika zamu yake ya kwanza. Kwa zile za 2024, anatupa dadu mbili za kupanga zamu na kuchukua ndogo, basi. Fikirini kundi lililokaa saa nzima likipanga shambulio la usiku: nani apande juu ya paa, nani azime taa, nani afunge mlango wa nyuma. Mpango huo una thamani moja katika sheria za 2014 na thamani nyingine kabisa katika zile za 2024. Wakiugundua ukweli baada ya kushambulia, hasira yao ni ya haki. Uchovu nao umebadilika: zamani ngazi sita, kila moja na adhabu yake, sasa kila ngazi inakata 2 kwenye dadu yako ya pande ishirini na kupunguza mwendo. Ngazi ya sita inaua katika matoleo yote mawili, hilo halikubadilika.

Kwa hiyo swali la "tunacheza na sheria zipi?" lijibiwe kabla wahusika hawajaandikwa. Meza yangu inatumia zile za 2014, na nina sababu. Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, inayouchapisha mchezo huu, iliiweka hati ya sheria za msingi za toleo hilo chini ya leseni ya Creative Commons, na mwaka huo huo ikatoa tafsiri ya Kifaransa chini ya leseni hiyo hiyo. Hati ya marekebisho ya 2024 nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2025. Maana yake ni kwamba kurasa kama 400 za sheria, mtu yeyote aliye katika chumba hiki anaweza kuzipakua bure, kuzichapisha, kuzigawa, hata kuzitafsiri, mradi awataje wenye kazi. Hakuna sababu tena ya kijana kucheza na nakala ya wizi. Na si lazima uchapishe zote. Chapisha kurasa za mapigano, za majeraha na za hali za mwili, maana hizo ndizo zinazofunguliwa kila mara. Umeme ukikatika saa mbili usiku na simu ikizima, karatasi iko pale pale na mshumaa unatosha.

Kuhusu vipimo nitapita haraka. Hati ya Kifaransa inapima kwa mita: mraba mmoja wa ramani ya mezani ni mita 1.5, mwendo wa kawaida wa binadamu ni mita 9 kwa zamu, mpira wa moto unaunguza mita 6 kila upande kutoka pale ulipopasukia. Ya Kiingereza inapima kwa futi. Chagueni moja.

Sasa niwape mfano, tuutazame polepole, kwa sababu ndani yake mna karibu yote ninayotaka kuyasema. Kampeni tunayocheza iko katika nchi ya kubuni, yenye migodi ya shaba iliyoachwa na mito mikubwa kama Lufira wakati wa mvua. Usiku mmoja wahusika wanne wanafukuzwa, na mbele yao kuna mto wenye upana wa mita 18, maji yanazidi kimo cha mtu. Mganga wa kundi amekwisha kuwawekea wenzake watatu uganga wa baraka, ule unaowaongezea dadu ya pande nne katika mashambulio na katika kujiokoa. Uganga huo haudumu zaidi ya dakika moja, yaani zamu kumi za sekunde sita sita, na mganga lazima aushikilie kwa akili yake muda wote. Akitawanyika akili, umekwisha. Kabla ya kukanyaga maji, mchezaji wake, dada mmoja asiyesema sana, akaniuliza: "Yaya, mayi ikinipiga, uganga yangu itakatika?"

Kitabu kinasema ukiumizwa unatupa dadu ya kujiokoa kwa uimara wa mwili, na ugumu wake, yaani namba ya kufikia, ni 10, au nusu ya madhara uliyopata, lolote lililo kubwa. Kinasema pia kwamba mwendesha mchezo anaweza kudai jaribio la ugumu 10 kwa misukosuko ya mazingira, na kinatoa mfano wa wimbi linalokupiga ukiwa kwenye meli katika dhoruba. Mto wa usiku hakiutaji. Lakini kati ya wimbi linalopiga meli na mkondo unaokubeba mzima mzima, sioni tofauti ya kumtetea mganga, kwa hiyo jibu likawa ndiyo, ugumu 10.

Waendeshaji wengi wangeishia hapo, na swali zito lingekuwa bado halijaulizwa: atupe dadu mara ngapi? Mganga huyu anaongeza 2 kwenye dadu hiyo. Anahitaji 8 au zaidi, yaani nyuso 13 kati ya 20, asilimia 65. Lakini kuogelea kunakata mwendo nusu. Mita 9 zinakuwa mita 4.5, na mto wa mita 18 unachukua zamu nne kwa asiyetumia tendo lake kuongeza mwendo. Nikidai dadu kila zamu, nafasi yake ya kutoka ng'ambo akiwa bado ameushikilia uganga inashuka kutoka asilimia 65 hadi kama 18. Mto ni ule ule, ugumu ni ule ule, namba zake ni zile zile, na bado nimemtoa katika matumaini nikamweka katika kushindwa kabla hajalowa miguu. Idadi ya kutupa dadu nayo ni sheria. Ni sheria tunayoitunga mezani kila siku bila kujua kwamba tunatunga.

Nikamwambia: jaribio moja kwa kuvuka kote, ugumu 10, na kama kuna kitu ndani ya maji kitakachokuuma, hilo litahesabiwa peke yake. Nikamwambia akiwa bado ukingoni. Akanyamaza, akahesabu vidole, kisha akaomba kamba. Akapanga mwindaji avuke kwanza na kufunga kamba kwenye mti wa ng'ambo, yeye afuate akiwa ameishika badala ya kupambana na mkondo peke yake, akauliza kama kamba itamsaidia. Nikampa faida, yaani atupe dadu mbili na kuchukua kubwa, ambayo kwa namba zake ni kama asilimia 88. Lakini kamba inakula muda, na dakika ya baraka inapita. Tulipanga vifuniko kumi vya chupa mezani, kila zamu ikiisha tunaondoa kimoja, na wachezaji wote wanne walikuwa wanavitazama vile vifuniko kuliko wanavyonitazama mimi. Mpango wote ule, kamba na mti na hesabu ya vifuniko, ulizaliwa na jibu moja lililotolewa kabla ya tendo. Angeambiwa "tutaona", angeogelea kama wengine na kuomba bahati.

Ndiyo maana nawasihi: taja namba kabla ya dadu. Ugumu 10 ni jambo rahisi, 15 ni la wastani, 20 ni gumu, 25 ni gumu sana, 30 karibu haliwezekani. Ngazi hizo zimo kitabuni na mchezaji ana haki ya kuzijua. Mtu anayetazama ukuta wa ngome anaona kama unapandika, na namba ndiyo macho ya mhusika wake. Yale ambayo mhusika hawezi kuyaona, kama mtego uliofichwa au uongo wa mfanyabiashara, hayo yafiche, hiyo ni haki yako. Yaliyobaki yaseme. Kuna wanaosema kutaja namba kunaua hofu. Mimi nimeona kinyume chake: meza nzima ikijua inahitajika 15, na dadu inazunguka, hakuna anayepumua.

Na dadu itupwe wazi. Hapa najua sitakubaliana na baadhi yenu, tena wengine ni wakubwa zangu walionitangulia katika mchezo huu. Nimewahi kuchezeshwa na mtu aliyetupa dadu zote nyuma ya kadibodi, na alikuwa msimuliaji hodari. Baada ya muda tuliacha kupanga. Tuligundua kwamba mhusika akikaribia kufa, adui anakosa shabaha, na adui mkuu akikaribia kufa, anapata nguvu mpya. Alifanya kwa mapenzi, alitaka hadithi ipendeze, na hakumwonea mtu. Lakini tukawa watazamaji wa mchezo wake. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akija na karatasi imejaa mipango, akaanza kuja mikono mitupu.

Watu hupenda kusema mwendesha mchezo ni refa. Pale uwanjani Kamalondo, Mazembe ikicheza, hakuna atakayekubali refa aliyevaa jezi ya timu mojawapo. Sisi tunaivaa kila kikao. Tunatoa hukumu, na papo hapo tunawachezea fisi, majambazi na mfalme mfu. Hukumu ikimfaa fisi, mchezaji ana sababu ya kutushuku hata kama tuko sahihi. Mimi nimejiwekea desturi: sheria ikiwa haieleweki na muda wa kutafuta hakuna, mara ya kwanza inaegemea upande wa wachezaji. Tukishaisoma vizuri baada ya kikao, inamhukumu kila mtu, fisi na mganga. Na sheria yoyote ninayowapa maadui, wachezaji wanaweza kuitumia. Kama jambazi aliweza kurusha mchanga machoni na kumfanya mlinzi asione zamu nzima, kesho mlinzi ana ruhusa ya mchanga huo huo. Ukiogopa wachezaji watautumia kila siku, basi usimpe jambazi.

Kifo kina utaratibu wake mwenyewe. Kwa mambo ya kawaida nasema amua ndani ya dakika moja na uendelee. Kwa kifo nasema simama, fungua kitabu, soma kwa sauti, hata kama inachukua dakika tano. Mhusika ana alama za uhai zinazopungua kila anapoumizwa, na akishuka hadi sifuri anazimia. Kila zamu yake anatupa dadu ya pande ishirini: 10 au zaidi ni kufaulu, chini yake ni kushindwa. Kufaulu mara tatu, hali yake imetulia. Kushindwa mara tatu, amekufa. Akitupa 1 inahesabiwa kushindwa mara mbili, akitupa 20 anaamka na alama moja ya uhai. Akiponywa hata kwa alama moja, hesabu zote zinafutwa. Haya wengi mnayajua.

Kinachosahaulika ni hiki. Aliyezimia akipigwa na adui aliye ndani ya mita 1.5, pigo likimpata linahesabiwa moja kwa moja kuwa pigo kuu, lile linaloumiza kuliko la kawaida, na pigo kuu kwa mtu aliyeko sifuri ni kushindwa mara mbili. Mapigo mawili, amekwenda. Kama alikuwa ameshindwa mara moja, pigo moja linatosha. Kuna waendeshaji wanaoisahau sheria hii miezi mingi, kisha wanaikumbuka siku ile adui wao mpendwa amesimama juu ya mwindaji aliyelala. Wachezaji hawasahau siku kama hiyo. Kitabu kinakuambia pigo linafanya nini, lakini hakikuambii kama adui atampiga aliyeanguka au atamgeukia aliye wima. Hilo ni lako, na lisemwe kikao cha kwanza: katika nchi hii, fisi wanakula walioanguka, majambazi wanateka, askari wa mfalme wanaacha. Wachezaji wakijua hivyo, watajua nani wa kumkimbilia kwanza.

Na kwa wale wanaoanza na wahusika wa ngazi ya kwanza, kumbukeni madhara makubwa. Mhusika ambaye uhai wake wote ni 9, amebaki na 4, akapigwa 13: alama 4 zinamfikisha sifuri, zinabaki 9, na hizo zinalingana na uhai wake wote. Huyo hatupi dadu, amekufa pale pale. Ngazi ya kwanza jambo hili linatokea kwa urahisi sana, na mchezaji mgeni anayekufa hivyo kikao chake cha kwanza huenda asirudi. Kama hutaki sheria hiyo iwepo ngazi ya kwanza, iondoe. Iondoe mwanzoni, mbele ya wote, kabla ya mtu yeyote kupigwa.

Kila meza ina mtu anayejua kitabu kuliko wewe. Wengine wanamwogopa, wengine wanamnyamazisha. Mimi namtafuta. Mpe kazi: swali likizuka, yeye atafute ukurasa huku nyinyi mnaendelea na zamu ya mwingine, kisha asome kilichoandikwa bila kuongeza lake. Utamjua kwa jambo moja: anataja sheria hata ikimuumiza yeye mwenyewe? Akisema "kumbukeni nimezimia, pigo hilo ni kuu", huyo ni nguzo ya meza yako. Akikumbuka zile zinazomfaa tu, mwite pembeni baada ya kikao, mkiwa wawili, na umwambie kwa heshima. Mbele ya wenzake atajitetea tu.

Kisha kuna daftari. Hili ndilo ninaloling'ang'ania kuliko yote. Kila uamuzi ambao haumo kitabuni uandikwe: swali lilikuwa nini, tuliamua nini, kwa sababu gani. Mistari mitatu. Katika daftari letu ukurasa wa mto unasomeka hivi: "Kuvuka maji makali ukiwa umeshikilia uganga: jaribio moja la ugumu 10 kwa kuvuka kote. Sababu: kitabu kinalinganisha na wimbi, kutupa kila zamu kunamnyima mganga nafasi. Kamba iliyofungwa pande zote: faida." Ile sababu msiiache. Miezi ikipita mtakumbana na maporomoko, au daraja linaloyumba, na namba peke yake haitawaambia kitu. Sababu itawaambia.

Wazee wa Kiluba walikuwa na lukasa, ubao wa mti uliopambwa kwa shanga, simbi na michoro, na watunza kumbukumbu wa chama cha Mbudye waliupapasa kwa vidole huku wakisimulia nasaba za wafalme, safari na madaraka. Ubao ulishika kumbukumbu, lakini ilihitaji mtu aliyefundishwa aiseme mbele ya watu. Ninapenda kuwaza hivyo juu ya daftari. Kila kikao, kabla ya kuanza, mchezaji mmoja, si mwendesha mchezo, anasoma maamuzi ya kikao kilichopita kwa sauti. Mtu akisikia kitu asichokikumbuka hivyo, anasema hapo, kabla panga halijatoka alani. Kumbukumbu ikiwa mikononi mwao, hakuna atakayekuambia tena, "Yaya, ile siku ulisema namna ingine."

Kabla sijashuka nina vikaratasi vya maswali mlivyoniletea mlangoni. Vingine nimekwisha kuvijibu. Hivi vilivyobaki nitavipitia.

Mtu anauliza kama kupata 20 kwenye dadu ni kufaulu daima. Kwa shambulio, ndiyo, na ni pigo kuu. Kwa jaribio la ujuzi kwa sheria za 2014, hapana: 20 ni namba kubwa tu, unaongeza chako na kulinganisha na ugumu. Mezani watu hushangilia 20 na inauma kuwaambia haikutosha, kwa hiyo usimruhusu mtu atupe dadu kwa jambo lisilowezekana. Anayetaka kumshawishi mfalme ampe kiti chake cha enzi mwambie hapana kabla hajashika dadu.

Mwingine: faida mbili zinaleta dadu tatu? Haziongezeki. Dadu hazizidi mbili. Na ukiwa na sababu tatu za faida na moja ya hasara, ile ya kutupa dadu mbili na kuchukua ndogo, zinafutana zote, unatupa dadu moja. Faida yenyewe si ndogo: kupata 11 au zaidi kunapanda kutoka asilimia 50 hadi 75.

Kuanguka: dadu moja ya pande sita kwa kila mita 3, mwisho dadu ishirini.

Mwalimu mmoja wa sekondari anauliza kama anaweza kuwatafsiria wanafunzi wake sheria hizi kwa Kiswahili na kuwagawia. Mwalimu, unaweza, leseni inakuruhusu, taja tu chanzo kama leseni yenyewe inavyoelekeza. Tena nakuomba uanze na sehemu ya mapigano na utuletee sisi pia. Walio tayari kumsaidia waandike majina yao kwenye karatasi iliyo mezani pale.

Na cha mwisho ni kirefu, mwandiko wa kijana: mchezaji akiukataa uamuzi wako, ufanyeje? Mpe dakika moja aseme yote aliyo nayo, msikilize bila kumkatiza, kisha amua, na uamuzi huo usimame hadi mwisho wa kikao. Baada ya kikao fungueni kitabu pamoja. Akiwa na haki, badilisheni, andikeni daftarini, na mabadiliko yaanze kikao kijacho. Yaliyopita yabaki yalivyo, dawa iliyonywewa imenyweka, dhahabu iliyopotea imepotea, maana mkianza kurudisha kila kitu nyuma hamtacheza tena. Kifo peke yake ndicho ninachokitoa katika kanuni hii. Mkigundua kwamba mhusika aliuawa kwa sheria iliyosomwa vibaya, mrudishe. Mwambie mwenyewe kabla ya kikao, kisha waambie wenzake, someni ukurasa wenyewe wote wasikie, na mwanzie pale alipoangukia, akiwa na alama zake za uhai alizostahili kubaki nazo. Wenye maswali mengine waje mbele, kipaza sauti hiki hapa.